PS Imezima na Haitaki Kuwaka? Tulia Kwanza, Usibonyeze Tena

Jumamosi moja jioni stima ilipotea mtaa mzima. Wakati huo nilikuwa na chumba cha gemu mtaa wa Umoja, Nairobi, mashine nne za PlayStation (PS), vijana wamejaa hadi mlangoni, mechi ni mbao (shilingi ishirini), na mmoja alikuwa anaongoza mabao mawili dakika ya themanini kwa hivyo kelele unaweza kuwaza mwenyewe. Stima ikarudi baada ya kama dakika kumi, ikapotea tena, ikarudi. Hiyo mara ya pili ndio nilisikia "tap" ndogo, kama mtu amevunja njugu kwa meno, halafu harufu ya plastiki ikatoka nyuma ya mashine ya tatu. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza, nikabadilisha soketi, nikabonyeza. Yule kijana aliyekuwa anaongoza akanishauri niigonge kidogo kwa juu. Niliigonga, sitaficha.

Jumatatu, kwa haraka ya kurudisha biashara, nikaipeleka kwa fundi wa kwanza niliyeelekezwa mjini. Hakupima kitu. Alifungua, akapiga bodi hewa moto dakika tatu nne hivi, akasema chipu imeachia. Mashine haikuwaka tena maishani. Miezi kadhaa baadaye fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, aliifungua nikiwa nimesimama hapo, akaweka mita kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa stima kwa mashine, akaniambia, "Kijana, hii ilikuwa fyuzi na vipande viwili hapa karibu na waya ya stima. Bodi yako ilikuwa nzima. Imeuliwa na dawa."

Kwa hivyo hapa naandika ule mpangilio ambao ningekuwa nao siku ile. Unaanzia nje unaingia ndani, kutoka kile cha bure kwenda kile cha pesa, na huruki hatua. Nitaongea sana kuhusu PS4 juu ndio imejaa mitaani na ndio nimefungua nyingi, zingine nitapitia haraka.

KABLA YA KUGUSA KITU

Chomoa waya ya stima ukutani. Sio kuzima swichi ya ekstensheni, chomoa kabisa. Iache dakika kumi. Wakati unangoja, chukua simu uandike vitu vitatu: taa ilikuwa rangi gani mara ya mwisho, ilipiga mlio au haikupiga, na feni ilizunguka au haikuzunguka. Hivyo vitatu vina thamani kuliko hadithi ndefu utakayompa fundi.

Kwenye PS4 ya kawaida, ukiwasha inapiga mlio mmoja, taa inapepesa bluu, halafu inakuwa nyeupe na inakaa hapo. Rangi ya chungwa ni mashine imelala tu. Nyekundu inayopepesa ni joto. Bluu ambayo haifiki nyeupe ndio wenyewe wanaiita taa ya kifo, lakini usianze matanga, tutaifikia.

Na jambo moja la usalama ambalo halina mzaha: ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300 na inaweza kukaa na hiyo nguvu hata baada ya kuchomoa. Pawa saplai unaitoa nzima na unaibadilisha nzima. Ile sanduku yake yenyewe huifungui kama hii sio kazi yako ya kila siku.

HATUA YA KWANZA: STIMA

Kama hakuna taa, hakuna mlio, hakuna chochote, shida karibu kila mara iko kati ya ukuta na bodi. Jaribu soketi nyingine moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Jaribu waya nyingine. Ya PS4 kubwa (ile ya kawaida) na Slim (ile nyembamba) ni ile ya kichwa cha namba nane, ile ile ya redio na dekoda nyingi, kwa hivyo usinunue kabla hujaazima ya jirani. Ya Pro (ile yenye nguvu zaidi) za kwanza ni tofauti, inafanana na ya kompyuta ya mezani.

Bado kimya? Basi pawa saplai ndio mshukiwa wa kwanza. Ukinunua nyingine, toa kwanza ile ya zamani usome namba kwenye lebo yake, juu PS4 zinafanana kwa nje lakini ndani hazifanani. PS4 za kwanza zilitumia ADP-240AR ambayo kiunganishi chake kina pini tano, zilizofuata zikatumia ADP-240CR na N14-200P1A zenye pini nne, na ile ya Slim ni ndogo kabisa, ADP-160CR. Ukienda maduka ya barabara ya Luthuli mjini na kusema tu "nipatie pawa ya PS4" utapewa yoyote iliyo karibu na mkono. Nenda na ya zamani kwa mfuko.

Hapa wacha nieleze kitu ambacho wengi hukosea. Watu husema PS inauliwa na stima kuwa chini, ile taa za nyumba zinafifia kila fundi wa mageti wa hapo chini akianza kuchomelea. Kwa kweli pawa saplai ya PS4 inakubali volti 100 hadi 240, kwa hivyo stima ikishuka yenyewe haijali sana. Kinachoua ni stima kurudi. Inaporudi, friji, pampu na pasi za ploti nzima zinaamka pamoja, stima inaruka juu na kushuka kabla itulie, na mashine yako iko mstari wa mbele. Ndio maana ile gadi ya friji inasaidia: inakata stima mbaya, halafu ikirudi inangoja kwanza dakika chache kabla ya kuiruhusu ipite. Ekstensheni ya bei ya chini iliyo na kataa kekundu sio kinga, hiyo taa inakuambia tu kuna stima. UPS ndogo ya 650VA (kisanduku chenye betri ya akiba) nayo inabeba PS4 moja na tivii ya kawaida dakika chache, hizo zinatosha kusevu na kuzima vizuri. Kama huna pesa ya hivi vyote basi tabia ni ya bure: stima ikipotea, chomoa kila kitu, na ikirudi ngoja mpaka taa za nyumba zitulie.

Kama mashine imetoka nje, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka mara ya kwanza. Hapa kwetu stima ni volti 240. Zile zinazoitwa ex-UK hazina shida, Uingereza stima ni kama yetu na hata plagi ni ile ile. Lakini Xbox 360 iliyotoka Marekani ina lile tofali lake la pawa la volti 110 hivi, na PS2 za zamani za Japani na Marekani ni hivyo hivyo. Ukizichomeka ukutani Nairobi utapata moshi kabla hujapata picha.

HATUA YA PILI: INAWAKA LAKINI HAKUNA PICHA

Taa imefika nyeupe na imekaa, feni inazunguka, tivii inasema hakuna mawimbi. Hii mashine iko hai na inakusikia, ni mdomo tu umezibwa.

Badilisha kebo ya HDMI, badilisha tundu la tivii, jaribu tivii nyingine. Halafu zima mashine kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha: utasikia mlio wa kwanza, usiachilie, baada ya kama sekunde 7 utasikia wa pili, hapo achia. Hiyo ni sefu modi, yaani mashine inawaka na menyu ya matengenezo tu. Chomeka pedi kwa waya ya USB, bonyeza kitufe cha PS. Kama picha imetokea hapa na kawaida haitokei, basi ni mpangilio wa picha tu umeharibika, pengine mtu aliihamisha kutoka tivii moja kwenda nyingine. Chagua namba 2, badilisha rezolusheni, umemaliza bila kulipa mtu.

Kama hata hapo hakuna picha, washa tochi ya simu uangalie ndani ya tundu la HDMI. Usiangalie kwa macho tu, piga picha halafu uikuze. Pini ni 19, safu ya juu na ya chini, na zinafaa kupangana kama meno ya kitana. Ukiona moja imelala juu ya mwenzake, au ile ulimi ya plastiki ya katikati imeinuka, hilo tundu limeumizwa na mtu aliyechomeka gizani kwa nguvu. Kwenye chumba cha gemu hii ilikuwa shida yangu namba moja, kila mtoto anataka kusogeza mashine ndio aone vizuri na kebo iko imevutika kama kamba ya nguo.

Kubadilisha tundu ni kazi ya fundi mwenye darubini, sio ya bisibisi. Na kama ameweka tundu jipya na bado hakuna picha, nyuma yake kuna chipu ya HDMI, kwenye PS4 za kwanza ni MN86471A, kwenye Slim na Pro ni MN864729. Hizo chipu hufa mara nyingi kwa sababu ya kuchomeka HDMI wakati tivii na mashine zote zina stima. Umewahi kugusa chuma cha hiyo kebo ukasikia kama sisimizi wanakutembea vidoleni? Waya ya namba nane haina athi (njia ya kupeleka stima ardhini), kwa hivyo kuna stima kidogo inaelea kwenye chuma, na ukigusisha kichwa cha kebo kwa tundu inatafuta njia ya kupita. Njia inayoipata ni hiyo chipu. Chomeka HDMI kwanza, stima baadaye. Na msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, kukinguruma chomoa pia ile waya ya antena au dishi kwenye tivii, juu radi huingilia huko na kutokea kwa PS.

HATUA YA TATU: BLUU INAPEPESA HALAFU INAZIMA

Hapa ndio watu hutoa machozi na pesa. Kuna kipimo kimoja cha dakika tano ambacho sijui kwa nini hakifanywi: toa hadi diski (hard disk, ile inayohifadhi gemu), ujaribu kuwasha bila hiyo.

Kwenye PS4 kubwa, ile nusu ya juu inayong'aa unaisukuma kando inatoka. Kwenye Slim ni kifuniko kidogo pembeni nyuma, kwenye Pro ni nyuma kwa chini. Utaona skrubu moja kubwa yenye alama za vitufe, pembetatu, duara, msalaba na mraba. Fungua hiyo moja tu, vuta diski nje. Sasa washa. Kama taa imefika nyeupe na tivii inalalamika haioni diski, pengine na namba ya kosa CE-34335-8, shangilia, diski ndio ilikuwa inaikaba koo. Kama bado inapepesa bluu na kuzima, jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima. Ikikataa na hiyo, sasa tunaweza kuanza kuongea kuhusu bodi.

Diski yenyewe ni ya kawaida tu, SATA ya inchi 2.5, kama ya laptopu. Kabla ya kuitupa rudi sefu modi ujaribu namba 5, ile ya kupanga upya databesi. Haifuti gemu zako, na kwa mashine iliyozimwa na stima mara nyingi imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kama inagandaganda, inatupa kosa la CE-34878-0 kwa kila gemu sio moja tu, na ukiweka sikio unasikia "tik, tik, tik", basi nunua nyingine, ikiwezekana SSD. SSD haitakupa miujiza ya kasi kwenye PS4 lakini haina kisahani kinachozunguka, na mashine inayogongwa na kuzimiwa stima kila wiki inaihitaji hiyo.

Kuweka mfumo kwa diski mpya: flashi iwe ya FAT32 au exFAT, tengeneza folda inaitwa PS4, ndani yake nyingine inaitwa UPDATE, zote herufi kubwa, na ndani yake uweke faili PS4UPDATE.PUP. Faili iwe ile ya kusakinisha upya kabisa, inayozidi GB 1 hivi, sio ile ndogo ya apdeti. Hapa ndio karibu kila mtu anaanguka. Anashusha ile ndogo, mashine inamwambia SU-30746-0, anaanza kulaumu diski. Ichukue kwenye tovuti ya PlayStation wenyewe. Halafu sefu modi, chaguo namba 7.

HATUA YA NNE: JOTO, VUMBI NA WAPANGAJI WASIOLIPA

Mashine inanguruma kama matatu inapanda mlima, au inaandika kwamba imepata joto sana na kuzima. Nairobi tuna bahati na bahati mbaya kwa pamoja. Hewa ni baridi kuliko Mombasa na haina chumvi ya bahari inayokula chuma. Lakini tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo feni inasukuma hewa kidogo kwa kila mzunguko. Ongeza vumbi la barabara, moshi wa jiko na mvuke wa mafuta kama nyuma ya ukuta kuna mtu anapika chapati, na unapata kile kitu nimetoa kwenye mashine nyingi: blanketi ya kijivu yenye mafuta, imeshikana kwenye chuma cha kupoza, unaivuta inatoka nzima kama soksi.

Na mende. Wacha niseme wazi juu watu huona aibu: PS4 ni nyumba nzuri sana ya mende. Kuna giza, kuna joto hata ikilala, na pawa saplai iko ndani ya mashine na ina mianya ya kuingilia. Mende mmoja akikatiza mahali pabaya anaunganisha njia mbili za stima, anakufa yeye na mashine. Nilifungua moja ya mteja wa Kayole nikahesabu mpaka ishirini na tano nikaacha. Usipulize dawa ndani ya mashine, ile maji inabaki kwenye bodi. Weka dawa ya jeli nyuma ya stendi na jikoni, na mashine isilale imewashwa taa ya chungwa usiku kucha kwa nyumba yenye mende, hilo joto ndio linawaita.

Kusafisha kwa ndani, fanya hivi. Tafuta bisibisi ya nyota ya T8 ile yenye tundu katikati, ukitumia ya kawaida kwa nguvu utamaliza kichwa cha skrubu. Kwenye PS4 kubwa, skrubu za nje ziko nyuma, zingine chini ya vibandiko. Vibandiko vikitoka waranti imeondoka, ingawa kwa mashine ya ex-UK hiyo waranti ni hadithi tu. Kila skrubu unayotoa ibandike kwa karatasi yenye mchoro wa mashine mahali ilipotoka, zina urefu tofauti. Inua kifuniko cha chini, toa pawa saplai kwa kuivuta juu wima bila kuipinda, na uangalie kuna kawaya kadogo kamechomekwa pembeni, kachomoe kwanza.

Kwa vumbi tumia blowa ndogo au brashi laini ya rangi iliyo mpya. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, juu ikizungushwa kwa upepo inageuka jenereta na kurudisha stima kwenye bodi. Kama umeamua kufika kwenye pesti ya prosesa (ile krimu inayopitisha joto kutoka chipu kuu), fungua bano la chuma lenye umbo la X, nyanyua polepole, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na vijiti vya pamba mpaka chipu ing'ae kama kioo. Ile ya zamani utaikuta imekauka kama ugali wa jana. Weka mpya kiasi cha punje mbili za ndengu, isambaze iwe nyembamba pote. Wengi wanapakaa kama siagi kwa mkate, haisaidii, inazuia joto badala ya kulipitisha. Zile mito laini za kupoza zilizo juu ya chipu ndogo ndogo usizitupe, na kama zimekatika weka za unene ule ule.

Kama PS4 yako ya kwanza kabisa inapiga milio yenyewe usiku na kutema CD bila kuguswa, haina pepo. Kitufe cha kutoa CD kwenye zile za mwanzo ni cha kugusa, na kuna mguu wa mpira chini yake ambao ukipata joto unavimba na kukisukuma. Toa huo mguu, angalia na skrubu iliyo karibu imekazwa. Nilipoteza wiki nzima kabla ya kujua hili.

HATUA YA TANO: BODI, NA HEWA MOTO

Sasa tumefika mahali nilipofikishwa siku ya kwanza. Ni kweli chipu huachia. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na zile taa za duara nyekundu robo tatu zikawa nyingi hadi Julai 2007 Microsoft ikaongeza waranti ya shida hiyo kuwa miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. PS3 za kwanza za 2006 nazo zilikuwa na taa yao ya njano. Sababu kubwa ni kupata joto na kupoa, kupata joto na kupoa: vishikizo vidogo chini ya chipu vinatanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, kama waya unayoikunja na kuikunjua hadi inakatika.

Ukipiga hewa moto, hivyo vishikizo vinalainika na vinaweza kushikana tena. Mashine inawaka! Unalipa, unaenda nyumbani unaimba. Wiki tatu, mwezi, inarudi pale pale, na safari hii bodi imepinda kidogo. Ile mbinu ya kufunga Xbox kwa taulo ijichemshe ilikuwa jambo lile lile, tena na hatari ya moto juu yake. Kureboli, yaani kutoa chipu nzima na kuweka vishikizo vipya, ni kazi halali kwa mwenye mashine na mkono wake, lakini kwa PS4 ya zamani hesabu kwanza kama bei yake haikaribii mashine nyingine.

Kwa hivyo ukifika kwa fundi, muulize kabla hajashika kitu:

"Fundi, pawa saplai umepima imetoa volti ngapi?" Njia kuu inafaa kuwa 12.
"Umejaribu bila diski?"
"Ukibadilisha kitu, cha zamani nitapewa?"

Fundi mzuri hakasiriki na haya maswali, anaanza kukuonyesha. Piga picha ya namba ya mashine, toa diski yako ubaki nayo, na kama inawezekana chora alama ndogo kwa kalamu kwenye bodi. Na kama shida ni CD haisomi, fundi asikubadilishie ile bodi ndogo ya draivu. Kwenye PS3, PS4 na PS5 hiyo bodi imeoanishwa na bodi kubwa, akiweka ya mashine nyingine CD hazitasoma tena. Anabadilisha lenzi au mitambo, bodi ya zamani inarudi.

PEDI

Analogi (ile fimbo ya kidole gumba) kutembea yenyewe, mchezaji anakimbilia kona bila kuguswa, hayo ni maumivu ya kichwa ya watu wote. Chini ya hiyo analogi kuna vipande viwili vyenye njia ya kaboni na kijiguso kinachosugua juu yake, na kikisugua mwaka mzima kaboni inaisha. Kwanza bonyeza kile kitufe kilicho kwenye tundu dogo nyuma karibu na L2, kwa pini, uunganishe upya. Spiriti ikidondoshwa kidogo inasaidia siku kadhaa. Dawa ya kudumu ni kubadilisha analogi nzima, na kila moja ina miguu 14 ya kulehemu, kwa hivyo kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu usijifunzie hapo. Tundu la kuchajia likilegea hilo ni rahisi, liko kwenye kibodi chake kidogo na linauzwa kama kipande.

PS5, HARAKA HARAKA

Ilitoka Novemba 2020, na usiichukulie kama PS4. Kati ya prosesa na chuma cha kupoza hakuna pesti, kuna chuma cha majimaji, na hicho kinapitisha stima. Kikidondoka kwenye bodi ni hasara ya mashine nzima, kwa hivyo ukifungua ishia kwa zile paneli nyeupe, zinatoka kwa mkono bila bisibisi, ndani kuna matundu mawili ya kunyonya vumbi kwa vakyumu. Mengine ya stima na HDMI ni yale yale niliyoandika juu.

UKIENDA KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Usikubali kuona menyu tu. Omba gemu nzito ichezwe nusu saa nzima, usimame hapo, muuzaji anune kama anataka. Sikiliza feni. Tikisa kebo ya HDMI kidogo uone kama picha inakatika. Weka CD, itoe, iweke tena. Angalia vichwa vya skrubu za nyuma, vikiwa vimekwaruzwa na vibandiko havipo mtu ameingia, muulize aliingia kufanya nini. Halafu nusa hapo nyuma hewa moto inapotokea. Harufu ya spiriti na kitu kilichoungua, rudisha pesa zako mfukoni. Mimi ya mwisho niliyonunua ilipita kila kitu isipokuwa hiyo ya kunusa, muuzaji akaniambia ni manukato ya gari alilobebea. Niliinama nikanusa tena, na mende mmoja akatoka kwenye mwanya akaniangalia.